Pumu Haisemwi Mbele ya Baba Mkwe

Yohana mwanangu, aibu ikukute hukohuko Mlowo unakonunua mahindi! Mke wako anaumwa, unamtuma baba yako ampeleke hospitali. Baba yako! Umekulia wapi wewe?

Leo Jumanne, Tunduma manyunyu tangu asubuhi, tope hadi mlangoni. Nimekasirika. Nachapa kwa kidole kimoja na nitamaliza.

Ninyi mnaosoma humu ukurasani kwangu mnamjua Edina, mkamwana wangu. Ana kipandauso. Kikimshika anafunga dirisha, anatapika, hata mwanga wa kibatari hautaki. Wiki iliyopita alikwenda kwa daktari na mume wangu, wakaingia wote chumbani. Sasa kwetu mwanamke hamtazami baba mkwe usoni, wala hazungumzii mwili wake mbele yake. Daktari akauliza, "Una ugonjwa mwingine? Pumu?" Edina akatazama sakafu. Mzee akamjibia: "Hana. Huyu mzima kabisa."

Mzima! Kajuaje, na jikoni kwetu hajawahi kukanyaga akamsikia anavyobanwa na moshi?

Akaandikiwa dawa ya kila siku, ya kuzuia kichwa kisije. Jana nimemkuta ameshika nguzo ya jiko, kifua kinalia kama mvukuto wa mhunzi. Nikamtafutia dawa yake ya kuvuta, pumzi ikarudi. Ndipo akanisimulia yote.

Leo nimempeleka mwenyewe. Mzee alishavaa koti. Nikamwambia, "Vua."

Daktari aliposikia pumu akaweka kalamu chini. Akasema ile dawa ni ya presha, kipandauso inakizuia vizuri, ila mwenye pumu inaweza kumbana kifua. Asiiguse tena. Ipo nyingine ya kunywa kila usiku: inaleta usingizi, inakausha mdomo. Au aache za kila siku, abaki na ya maumivu kichwa kikianza, lakini akiizoea, nayo itamletea kichwa.

Mimi nilitaka hiyo ya maumivu. Unameza dawa hujaumwa, ya nini? Nikafungua mdomo niseme. Edina akanivuta kanga.

"Mama, kichwa ni changu. Nataka ya usiku."

Nikamwambia daktari aandike hiyohiyo. Si kawaida yangu.

Kumbe anajua kusema huyu!

Basi sikilizeni. Yohana, kesho panda gari la kwanza urudi kwa mkeo. Mzee, kupeleka wanawake hospitali si kazi yako tena, baki na mbuzi wako. Na wewe Edina, leo kabla hujameza hicho kidonge, simama mlangoni, baba mkwe wako akiwa amekaa sebuleni. Ukitaka tazama sakafu, heshima yako sikunyang'anyi. Lakini useme, kwa sauti, asikie: "Baba, mimi nina pumu."