Alama Niliyomtilia Saida

Alhamisi jioni, Mbagala.

Manyunyu tangu asubuhi, na ile baridi ya mwezi wa sita ambayo watu wa huku hatuizoei ingawa inakuja kila mwaka. Ninaiogopa kesho.

Kesho asubuhi mstarini nitasoma majina ya watoto wa darasa langu, la sita, ambao wazazi wao hawajalipa kodi ya maendeleo. Kila nitakayemtaja atachukua mfuko wake na kurudi nyumbani mpaka baba yake alipe. Amri imetoka juu, mwalimu mkuu kaipokea, na sisi tumeipokea kwake bila kuuliza. Wiki nzima watoto wamekuwa wakiniletea stakabadhi za wazazi wao, nyingine zinanuka samaki, nyingine zimefungwa kwenye nailoni kama cheti cha ndoa. Ninazikagua, ninatia alama ya vema mbele ya jina la mtoto, ninamrudishia.

Binti yangu Saida yumo katika darasa hilohilo. Mbele ya jina lake nimetia vema. Stakabadhi sijaiona, kwa sababu haipo.

Haya, nimeandika. Angalau humu nimesema kweli.

Baba Saida alipunguzwa kazi kiwanda kilipouzwa, na sasa anauza mitumba Tandika. Kila asubuhi anachungulia barabarani kwanza. Mgambo wakiwa wameweka kizuizi cha kukagua stakabadhi za kodi, anakatiza vichochoroni. Ninamwona na ninanyamaza. Mimi huyuhuyu ninayevunja chaki moja vipande vitatu ili ifike Ijumaa, ambaye nusu ya wanafunzi wangu wanakaa sakafuni, na ambaye mshahara wangu unakuja siku ukijisikia. Darasani ninawafundisha watoto kwamba kodi ndiyo inayojenga shule. Nyumbani ninampikia chai mkwepa kodi.

Leo wakati wa mapumziko nilitoka getini. Pale anauza maandazi Mama Zuhura, na Zuhura wake ndiye wa kwanza kwa hesabu darasani kwangu. Mtoto anakaa chini, goti ndiyo meza yake, na bado mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Baba yake hajalipa, kwa hiyo yumo katika orodha ya kesho. Nilijua mama atanilalamikia na nilikuwa nimeshajiandaa na maneno yangu: sheria ni ya wote, serikali haina fedha, tusipolipa shule itaendeshwa na nini.

Hakulalamika. Aliendelea kufunga maandazi kwenye gazeti, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Mwalimu, jana Baba Saida kajificha uani kwangu, nyuma ya pipa la maji. Mgambo walivyopita nikamwambia toka shemeji, washaenda. Sijamwambia mtu, na sitomwambia."

Akaniongezea andazi moja, bure.

Afadhali angenitukana. Nililibeba lile andazi mpaka ofisini na nikashindwa kulila. Uso ulikuwa unaniwaka, mwalimu wa zamu akaniuliza kama nina malaria.

Jioni redio ilisoma habari za bajeti. Makusanyo hayakutosha, wahisani wamebana mkono, wazazi tutachangia zaidi elimu ya watoto wetu. Baba Saida akaongeza sauti.

"Umesikia? Kodi juu, michango juu, na shule yenu haina hata madawati. Sasa mie nalipia nini?"

"Hayapo kwa sababu hamlipi," nikamjibu.

"Nilikuwaga nalipa! Kiwandani walikuwa wananikata kila mwezi. Dawati langu liko wapi?"

Swali hilo ndilo linalonichoma. Anakosea, lakini hasemi uongo. Basi nikamwambia habari ya pipa la maji, na aliyenieleza, na Zuhura atakayerudishwa kesho. Akazima redio. Akatoka kukaa barazani kwenye manyunyu yale, na mpaka sasa ninapoandika bado yuko palepale.

Nimefikiria kumtia Zuhura vema naye, yaishe. Lakini katika orodha wapo wengine, na mume wangu hakujificha uani kwa mama zao. Nimefikiria pia kukataa kabisa kusoma majina. Mwenzangu mmoja alikataa mwaka juzi, na wiki haikuisha kabla hajapewa barua ya uhamisho. Mimi ni mwoga. Ningependa kuandika jambo lingine kuhusu nafsi yangu, ila ndivyo nilivyo.

Kwa hiyo nimefanya kile nilichoweza. Nimechukua wembe na kuikwangua ile alama ya Saida, taratibu, karatasi isitoboke. Kisha nimeandika jina lake katika orodha ya kesho, juu kabisa, juu ya Zuhura. Nitaanza na wangu. Mstari mzima utamsikia mwalimu akimtaja binti yake, na jioni baba yake atajua alikuwa anamkwepa nani. Labda atalipa. Labda atanichukia. Herufi zimekaa upande, lakini zinasomeka.

Saida hajui. Amepiga pasi sare yake na kuitundika msumarini. Sasa hivi amekuja kuniuliza kama ni kweli Zuhura yumo katika orodha, nikamwambia ndiyo. Akafikiri kidogo, kisha akaniomba ruhusa: akitajwa rafiki yake, atoke naye mstarini amsindikize mpaka getini, ili asilie peke yake.

Nimemruhusu.