Amri Iliyorukwa

Jumatano, 1 Julai
Nimepura maharage mpaka viganja vinawaka. Upepo mkali, lakini kwa kupeta unafaa. Malori ya wafanyabiashara yamefika tena hapa Pito kununua mazao. Mume wangu Severini alishinda huko. Nimepika ugali mwingi. Bado napima na sehemu ya mama mkwe.

Ni tangu masika Severini alipomfukuza mama yake. Mganga alimwambia mama huyo ndiye aliyemroga mtoto wetu Beno. Beno alikuwa hajaanza kutembea. Surua ilimchukua, kama ilivyochukua watoto wengine wa mtaa huu. Mimi niliyemzaa simshitaki mtu. Nilisema siku ile. Sikusikilizwa.

Ijumaa, 3 Julai
Nimekwenda Kasense, kwa mdogo wake mama mkwe, anakoishi mama sasa. Sikuomba ruhusa. Nimempelekea sweta la mtumba, siku hizi yamejaa sokoni. Anakohoa vibaya. Kabla hata sijakaa aliuliza kama Severini anakula vizuri.

Nimelia njia nzima.

Jumamosi, 4 Julai
Zamu yangu kufagia kanisa. Severini alikuwa anawafundisha watoto wa komunio ya kwanza. Anataja amri, wao wanarudia. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kisha akasema ya tano, usiue. Watoto wakarudia. Ile ya nne, ya kuwaheshimu baba na mama, aliiruka.

Akageuka, akaniona na ufagio wangu.

Nyumbani hakula. Nilikuwa na hasira naye. Na huruma pia, zaidi ya hasira.

Jumatatu, 6 Julai
Malori yapo, hakwenda. Amekaa uani akitazama magunia yake. Amesema tangu masika kila akisali anaona kama anaongea na ukuta. Nikamwekea chai.

Hajaimaliza, mama mdogo akaingia kutoka Kasense. Mama amelazwa zahanati, kifua kimebana. Severini akatoa baiskeli. Mimi nyuma, kwenye keria.

Zahanati, Severini alipiga magoti sakafuni, mbele ya wagonjwa wote.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Nilikusingizia, mama. Nisamehe."

"Nilishakusamehe siku ile ile. Ulikuwa bado umesimama mlangoni."

Akalia kama mtoto. Mama akampapasa kichwa. Severini akasema akipona tu atamrudisha nyumbani. Mama akakataa, kwa upole.

"Pale sirudi, baba. Siku mtoto mwingine akiumwa, utaniangalia mimi."

Severini akafungua mdomo kubisha. Akaufunga. Mama aliona. Mimi pia niliona.

Jumanne, 7 Julai
Watu husema anayevunja amri Mungu humpiga. Sijaona pigo. Namwona mume wangu amesamehewa, na chumba cha mama kitupu. Leo amekifagia mwenyewe.

Jumapili, 19 Julai
Mama amepata nafuu, yuko Kasense. Baada ya misa tulikwenda. Severini alimpasulia kuni, akaziba paa linapovuja. Tukala pamoja. Mama alimtilia mboga mara mbili, akamsema kwa kukonda.

Alitusindikiza mpaka darajani. Akatuaga, akarudi polepole. Severini alisimama ameshika baiskeli mpaka mama alipoingia ndani.

Hatukupanda. Tulitembea, yeye akiikokota.