Programu ya Kumsomea Baba

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Mimi mzima, ila baridi ya huku ugenini inanionea. Macho ya baba yanaendeleaje?

Kwenye hifadhi yetu ya pamoja mtandaoni, tunapotengenezea programu ya baba, hujaleta msimbo wowote tangu Oktoba. Umenuna kwa sababu nilipanga mafaili upya? Kusema kweli palikuwa jalala. Folda zako zenyewe: "mpya", "mpya kabisa", "mpya kabisa ndiyo hii". Leta kazi yako tuunganishe, baba asomewe gazeti lake.

Dada yako

19 Februari

Shikamoo dada,

Hatujambo. Macho ya baba ndiyo yamekwisha, lakini masikio yanasikia hadi minong'ono ya jirani.

Ulihamisha mafaili yangu bila hata kuniuliza. Nilipofungua asubuhi, hakuna kilichofanya kazi. Basi nikachukua nakala yangu, naendelea peke yangu kwenye kompyuta yangu. Sasa ukipiga picha ukurasa, programu inatambua kila neno. Haina sauti tu, na sauti unayo wewe. Rudisha mafaili yalivyokuwa, nami nitaleta.

Kumsomea mwenyewe hataki, anasema nasoma kama ninayefukuzwa. Anataka asomewe na programu ya wanawe wawili. Kila siku anauliza, "Mmefika wapi?" Namwambia bado kidogo.

Mdogo wako

1 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini nyote wazima. Sirudishi kitu. Sauti yangu iko tayari, inawashinda watangazaji wa redio. Wewe ndiye uliyejitenga, wewe ndiye wa kurudi. Mwambie baba mkaidi ni nani. Msalimie sana.

Dada yako

23 Juni

Shikamoo dada,

Pole tena kwa msiba wetu. Najua kumuaga baba kwa simu si kumuaga.

Leo nimeunganisha kazi zetu. Kompyuta ilinionyesha kila mahali tulipogongana, nikawa nachagua mstari wako au wangu. Mara nyingi nilichagua wako. Mpangilio wako ulikuwa mzuri, dada, nilijua tangu mwanzo na nikaona aibu kusema. Nilianza baada ya chakula cha mchana, chai ya jioni ikanikuta nimemaliza.

Nikapiga picha gazeti. Sauti ikasoma habari za mpira mpaka mwisho, bila kukwama. Nilitamani kuivunja ile kompyuta.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza, "Kumbe ilikuwa kazi ya mchana mmoja?"

Bado anasubiri jibu langu. Nisaidie, dada.

Mdogo wako