Kichupa Ndani ya Bahasha

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Natumaini mgongo umepoa na mwajiri wako ameacha kukufulisha mapazia kila wiki. Sisi huku wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Mwanao ametimiza wiki saba. Nasema mwanao ingawa hujamwona. Mtoto wa mdogo wako ni wako, hata ukimkasirikia mama yake.

Nilijifungua kwa kupasuliwa. Wakanipa vidonge vya maumivu, vile vyeupe unavyovijua, nikavimeza kama nilivyoelekezwa. Siku ya nne, tukiwa bado wodini, mtoto akawa mpole kupita kiasi. Mama akafurahi, akasema nimebahatika kuzaa mtoto asiye na makelele. Nilimtekenya nyayo, hakukunja hata kidole. Muuguzi alipokuja kutazama mshono akamwinua, akaniuliza amenyonya lini, kisha akaondoka naye mbio. Sikulia, Dada. Nilikaa nikihesabu mikunjo ya pazia. Baada ya siku mbili wakamrudisha akilia kwa hasira, nami nikampokea kama mzigo wa jirani nilioombwa nimshikie.

Hapo wodini yupo daktari wa kike anayefanya utafiti. Wauguzi wanamwita Mama Vichupa, maana hapiti kitanda bila kuomba mate ya mtu. Alinipima, akanieleza mara tatu, kwa kuwa shule niliiacha mapema. Alisema kila mtu hurithi kwa wazazi namna mwili wake unavyovunja dawa. Wengi hukivunja kidonge kile polepole. Mwili wangu hukigeuza haraka mno kuwa dawa kali, ikaingia kwenye maziwa, na mtoto akalewa usingizi hadi pumzi ikapungua. Nikauliza mbona hakuna aliyejua. Akajibu kwamba vipimo vingi vya dawa vilipatikana kwa kuchunguza watu wa kwingine. Watu wa damu yetu hawajachunguzwa sana. Hilo nililielewa upesi kuliko alivyotarajia. Sisi mafundi cherehani tunajua: ukikata nguo bila kumpima mvaaji, usishangae ikimkaba shingo.

Kisha akauliza kama nina ndugu wa tumbo moja.

"Ninaye dada," nilisema. "Alifiwa na mtoto wa siku tisa."

Sasa nimefika ninapopaogopa. Ulipolia na mshono wako baada ya kujifungua, mimi ndiye niliyekuletea vidonge hivyo hivyo vyeupe, alivyobakiza mama alipovunjika mkono. Nikakwambia meza viwili, kimoja hakitoshi. Asubuhi ile nilipoingia na uji, mtoto alikuwa kwenye kikapu chake, amefunikwa vizuri. Wewe ulikuwa kitandani upande wa ukutani, umelala kama gogo. Hukumgusa. Niliogopa wataniuliza habari za vidonge, ndipo nikamwambia mama mkwe wako nimekukuta umemlalia mwanao. Nawe, kwa usingizi ule, hukuwa na la kubisha. Ukarudishwa kwetu, kisha ukaondoka, na miaka minne sasa watu wanasema ulimlalia mtoto. Hata wewe umeamini.

Juzi nilikwenda kwa mama mkwe wako. Alikuwa akichambua maharage. Nikamwambia: "Hakumlalia. Mtoto alikuwa kikapuni. Nilidanganya." Akaendelea kuchambua hadi ungo ukaisha, halafu akasema nimngoje mwanawe arudi kutoka kazini, nimwambie na yeye. Nikangoja. Nikamwambia. Mama naye anajua.

Daktari hawezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa kwako pia, mpaka akupime. Amenipa kichupa, nimekiweka humu ndani ya bahasha. Ukitamani kunitemea mate usoni, una haki, wala sitakwepa. Lakini kwanza temea humo, ufunge kifuniko vizuri, ukirudishe. Utazaa tena, Dada, mimi naamini hivyo, na siku hiyo mtu akikupa kidonge kile uwe na sababu ya kukataa.

Mama anakusalimu sana. Mwanao anakusalimu kwa makelele. Siku hizi akilia sikimbilii kumnyamazisha; namwacha kidogo, nimsikilize.

Ni mimi mdogo wako, uliyenipa jina la
Kifungo