Aliitika, Mimi Nikaandika Alikubali

Karatina, Jumatano, katikati ya Julai

Baridi ya leo ni ile ya kuingia hadi kwenye mifupa. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, manyunyu hayaishi, na nguo nilizofua Jumatatu bado zinaning'inia jikoni. Ni saa kumi na moja jioni. Nimekunywa vikombe vitatu vya chai na bado sijatulia, na safari hii siwezi kuisingizia baridi.

Nimefanya kosa. Naliandika hapa kabla sijaanza kulipamba.

Mnaonisoma mnajua kwamba nilifundisha Kiswahili shule ya msingi kwa miaka ishirini na saba. Tangu nistaafu niko kwenye kikundi cha akina mama kumi na mmoja, tunakutana kila Jumatano kwenye ukumbi wa kanisa hapa mjini. Hatuna ofisi wala gari. Mwanamke akipigwa au akibakwa, mmoja wetu anaenda naye hospitali, mwingine anabaki na watoto, mwingine anapika. Siku ya korti tunajaza benchi la nyuma, tumefunga vitambaa kichwani, tunamtazama hakimu mpaka anakohoa.

Kazi yangu mimi ni lugha. Polisi wengi wanaoletwa huku hawajui Kikuyu, na mwanamke aliyeumizwa mara nyingi Kiswahili humtoka chote. Basi nakaa katikati yao, natafsiri, na nikiombwa naandika.

Wiki tatu zilizopita nilimsindikiza mwanamke nitakayemwita Wangechi. Nimebadilisha jina, na hata anachouza. Tuseme ni vitunguu. Kuna mwanamume waliyewahi kuishi naye bila harusi, wakaachana, umepita mwaka mzima. Alasiri moja alifika mlangoni kwake, akamwita kwa jina. Alipoingia alimpiga, kisha akambaka.

Wangechi alienda hospitali siku hiyo hiyo. Kesho yake tukaenda kituo cha polisi, kwenye dawati la jinsia. Mdomo wake ulikuwa umevimba. Alizungumza Kikuyu, polepole, macho sakafuni, nami nikaandika kwa Kiswahili safi. Afisa wa dawati, mwanamke mpole aliyetoka Pwani, alisifu mwandiko wangu. Nilifurahi. Hata mahali kama pale nilipata nafasi ya kufurahia sifa, na leo jambo hilo linaniaibisha karibu kama kosa lenyewe.

Leo mkutanoni wakili anayejitolea kutusaidia alikuja na nakala ya taarifa ile. Kesi inaanza kusikilizwa wiki ijayo. Tulijitenga mezani, mimi na yeye, akasoma kwa sauti ya chini: "Aliniita nikiwa ndani. Nikakubali. Akaingia." Akasoma tena.

"Mwalimu, hii 'nikakubali' ndiyo alisema?"

Nilivuta karatasi, nikaisoma mwenyewe.

Kwa Kikuyu, kuitika unapoitwa ni gwĩtĩka. Kukubali jambo ni gwĩtĩkĩra. Tofauti ni silabi moja, na midomo iliyovimba haitoi silabi zote vizuri. Nilimkumbuka wazi alivyosema. Aliitwa, akaitika. Ndivyo tulivyolelewa huku: ukiitwa unaitika, hata ukijua ni sauti ya nani, hata ukiwa hutaki kumwona. Kunyamaza ukiitwa ni kukosa adabu, na mama zetu walitufundisha hilo kwa mwiko wa ugali. Mlango haukuwa na komeo. Jamaa alisikia kwamba yuko ndani, akausukuma.

Aliitika. Mimi nikaandika alikubali.

Nitaungama yote. Kwa dakika nzima nilifikiria kumjibu wakili kwamba ndiyo, ndilo neno lake. Nani angejua? Nikasema nitamuuliza mwenyewe, na huo nao ulikuwa uongo, maana jibu nilikuwa nalo. Mwishowe nikamwambia ukweli.

Wakili si mtu wa kuzunguka. Alisema wakili wa upande wa pili atalishikilia neno hilo kama kupe. Tukilirekebisha sasa, atadai Wangechi amefundishwa, amebadilisha hadithi. Tukiliacha, ni vibaya zaidi. Kwa hivyo Wangechi aandikishe taarifa ya nyongeza, nami niandikishe yangu, nieleze kwamba kosa ni langu. "Lakini kwanza ajue," akasema. "Na aambiwe na wewe."

Nilienda sokoni moja kwa moja. Nilimkuta amefunika vitunguu kwa karatasi ya nailoni, amekaa kwenye kreti. Tangu nimjue tunaongea Kikuyu tu. Nilimweleza kwa Kikuyu, nikalitamka kila neno kama nasomesha darasa la kwanza: ulisema hivi, mimi nikaandika hivi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambacho hakuwahi kukitumia nami.

"Kwa hivyo hiyo karatasi inasema ati mimi nilitaka?"

"Mtu anaweza kuisoma hivyo. Ndiyo."

Mteja akaja. Wangechi akafunua nailoni, akampimia vitunguu, akamwambia asante mum, akafunika tena. Mimi nimesimama tu kwenye manyunyu, nimeukumbatia mkoba wangu.

"Na wewe Mwalimu, ile wakati ulikuwa unaandika. Ulifikiria nilitaka?"

Nilisema hapana. Nilisema haraka mno.

Hilo swali ndilo linalonila tangu nifike nyumbani. Miaka ishirini na saba nimezungushia makosa ya watoto kalamu nyekundu. Neno lisilofaa kwenye sentensi hunirukia machoni kabla sijavaa miwani. Hili halikunirukia. Mwanamke amevimba mdomo, ana karatasi za hospitali mkononi, nami naandika "nikakubali", naweka nukta, naendelea. Sikumuuliza: ulikubali nini?

Naogopa najua sababu. Ndani yangu bado kuna mwanamke aliyelelewa kuamini kwamba ukimfungulia mlango mwanamume uliyewahi kumpikia, basi mengine umeyataka. Kila Jumatano nabishana na mwanamke huyo mbele ya wenzangu, kwa sauti kubwa, na wananipigia makofi. Nilidhani nimeshamfukuza. Siku ile kituoni ndiye aliyeshika kalamu.

Au labda niliteleza tu. Nimechoka, nina miaka sitini na mbili, masikio si ya jana. Nimejaribu kujiambia hivyo mara nne leo. Inasaidia kwa muda wa kikombe kimoja cha chai.

Kabla sijaondoka sokoni Wangechi alinipa uamuzi wake. Hakunitazama.

"Kesho nitaongea mwenyewe. Kiswahili yangu iko na makosa, lakini ni yangu. Wewe kuja, uandikishe ile yako, halafu ukae. Usiniongelee."

Nilimwambia sawa.

Sasa nimekaa hapa nawaza yatakayoharibika. Je, Kiswahili kikimtoka tena katikati, anyamaze, na mimi nimekatazwa kusema? Je, afisa naye akisikia neno moja akaandika lingine? Je, wiki ijayo akisimamishwa mbele ya watu, aulizwe mara kumi kwa nini kuna taarifa mbili, aamue kwamba heri angenyamaza toka mwanzo? Wapo waliofika hapo wakaacha kesi, wakarudi nyumbani, na wale tuliwapoteza bila kosa la mtu kama mimi. Mwenyekiti wetu amepiga simu, amesema wote kumi na mmoja tutakuja korti. Nilimshukuru.

Taarifa yangu nimeshaiandika, imejaa ukurasa mmoja. Nimefuta mahali nilipojitetea. Zilikuwa sentensi tatu, zote nzuri sana.

Wangechi bado hajui kama ananiamini, na sina haki ya kumharakisha. Kesho saa tatu asubuhi nitakuwa kituoni, nitakaa pale nitakapoambiwa. Nitayasikia makosa yote ya Kiswahili chake na sitasahihisha hata moja.

Na akiniuliza tena kama nilifikiria alitaka, sitajibu haraka.