Kikombe Nilichokimwaga Mudaka

Papa wangu mpendwa,

Nimerudi Bukavu kutoka kijijini kwetu, nimeketi kukuandikia. Mtu pekee ninayeweza kumweleza bila kukatizwa ni wewe, na ungekuwa hai ungenikatiza.

Unaikumbuka chemchemi yetu ya Mudaka, pale wakulima walipoanza kuoshea pampu za dawa ya kuua wadudu wa nyanya? Watu walipolalamikia harufu, wewe mkubwa wa kamati ya maji ulichota kikombe ukanywa mbele yao. Kwetu anayekaribisha huonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. "Munaona? Niko muzima," ukawaambia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikajivuna kupita kiasi. Baadaye ini likakulaza, na hakuna daktari aliyethubutu kusema ni maji. Hata mimi sithubutu, ingawa nilisoma kemia kwa hasira hiyo.

Jana nilipeleka kijijini sinia zangu za kioo, zilizopakwa unga mweupe ambao ukipigwa na jua huvunjavunja sumu iliyo majini, wenyewe usiishe. Nilimimina humo maji ya chemchemi na, ili watu waone kazi yake, nikayatia rangi ya bluu. Kufikia alasiri maji yalikuwa maangavu kabisa, wakapiga vigelegele. Hapo ndipo nilipokosea, Papa. Waliona rangi imetoweka, wakaamini na dawa ya nyanya imetoweka.

Mama akachota kikombe kutoka siniani, akanipa mbele ya wote. "Onja, mutoto yangu. Papa yako alikuwa anaonja."

Nikasema vipimo vya maabara havijarudi. Dawa inaweza kuvunjika nusu, vipande vyake vikabaki na ukali. Mama akanisogelea. "Usinipatishe haya," akanong'ona. Wazee walinikazia macho, wamama wameshika vidumu tayari. Nilitamani kunywa, wallahi, ili tu yale macho yaniache. Kisha nikamwaga chini.

Hakuna aliyenitukana. Walibeba vidumu vyao, wakashuka chemchemini kuchota yaleyale ya siku zote. Mama alitangulia.

Nakupenda, Papa, na nimekukasirikia. Vipimo vikitoka nitapanda tena Mudaka, hata nikikuta mlango umefungwa. Pumzika huko uliko, mama simwachi.

Wanasema wewe ungeonja. Najua. Ungeonja, na bado leo ningekuwa namwandikia mtu asiyeweza kunijibu.

Binti yako wa kwanza