Nsafu za Jumamosi

Likasi, Jumapili, baada ya misa

Baba,

Nimekula nsafu. Najua ungecheka, maana katika nyumba yetu nimekuwa wa mwisho kuijua.

Jumanne nilipita sokoni kununua makaa. Juu ya meza ya mama mmoja, pembeni ya nyanya, niliona matunda ya zambarau iliyokolea, marefu kama kidole gumba, yaking'aa kama yamepakwa mafuta. Nilidhani ni bilinganya changa. Yule mama akasema ni nsafu, zinafika Lubumbashi kwa ndege na huku kwa basi. Kisha akanitazama vizuri.

"Weye njo mutoto wa ule muzee wa kofia ya kaki? Alikuwaka anakuya hapa kila samedi na binti yake. Anakula ine, na chumvi mingi. Pole, mama."

Kila Jumamosi, nsafu nne, na binti yake. Baba, binti yako mkubwa ni mimi, na sijawahi kusimama nawe mbele ya meza ile.

Nilinunua sita. Nyumbani niliuma moja ikiwa mbichi. Ilikuwa ngumu na chachu, nikaitema. Tano nilizitia kwenye sufuria, nikazichemsha juu ya jiko la mbabula kama viazi vitamu, nusu saa kamili. Maganda yakapasuka, nyama ikayeyuka, nikabaki na maji ya zambarau na kokwa. Nilisimama pale na kijiko mkononi, nikilia. Sijui nilikuwa nalilia nini.

Nikafungua daftari langu. Miezi yako ya mwisho imo yote: dawa, uji, usingizi, miguu imevimba, miguu imepungua. Kila Jumamosi mimi nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, na mdogo wangu Mado alikutoa nje unyooshe miguu. Na kila Jumamosi nimeandika hivi: Baba amekataa chakula cha mchana, sababu haijulikani. Nilimpigia daktari simu mara mbili kwa ajili ya sababu hiyo.

Mado alipotoka kazini nilimuuliza. Hakukana. Alikaa juu ya ndoo, bado na mkoba begani.

"Yaya, Baba njo alikatala nikuambie. Alisema: Usimwambie Yaya yako. Akijua, ataandika."

Na mimi, dada yake mkubwa, ningeandika kweli.

Kisha akaniambia mengine, bila kujua kwamba kila neno lilinichoma. Kwamba ulipokuwa mtoto kule Kikwit, kabla reli haijakuleta huku, uwanja wenu ulikuwa na mti wa nsafu, na ndugu yako alianguka kutoka juu yake akavunjika jino. Kwamba ulimwimbia Mado wimbo wa kwenu njiani, katikati ya barabara ya Shituru, watu wakageuka kuwatazama. Wewe, Baba, umeimba. Mimi niliyekuosha na kukugeuza ubavu, uliniambia nilete maji, nifunge dirisha, nipunguze redio.

Nitakuambia wazo baya lililonijia, kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia. Daktari alikukataza chumvi. Ningeweza kusimama mbele ya ukoo na kusema kwamba chumvi ya Mado ndiyo iliyokumaliza. Wangeniamini, mimi mwenye daftari. Nilizunguka na maneno hayo siku nzima, nikiyapanga vizuri. Lakini daktari alikuwa ameniambia mimi peke yangu, kabla ya Jumamosi ya kwanza, kwamba moyo wako umechoka na hakuna kitu kitakachourudisha. Mado hajui hilo. Tangu tulipokuzika anaogopa kwamba ni yeye. Niliuona woga huo pale juu ya ndoo, na kwa siku mbili, Mungu anisamehe, nikauacha ukae.

Alhamisi nilimwambia ukweli. Alilia mpaka akapata kwikwi. Asubuhi iliyofuata akaleta nsafu, akanionyesha: unachemsha maji kwanza, unayaondoa motoni, ndipo unazitia na kufunika, muda wa kukunja nguo mbili tatu tu. Ganda linalegea. Ndani ni kijani hafifu, laini kama avoka, na uchachu unaokuja nyuma. Unachovya chumvi. Nilitaka zisiwe nzuri. Nilikula tatu.

Jumamosi ijayo tunaondoa matanga. Unajua desturi ya nyumba yetu: mtoto aliyemtunza marehemu anasimama, anataja chakula alichokipenda, anakionja, ndipo watu wanakula. Baba Mdogo ameniomba mimi, bila kuuliza mwingine. Nilikuwa nimekwisha kuandika maneno yangu: samaki wa kuchoma, bila chumvi. Yalikuwa maneno mazuri, na ya uongo. Ulikula samaki yule kwa sababu nilikusimamia.

Karatasi ile nimeiwashia makaa. Mado atasimama, atataja nsafu, na ule wimbo atauimba kama ataweza. Bado nina wivu, Baba. Sitakudanganya kwamba umeisha. Namwonea wivu kwa kila Jumamosi.

Lala salama, Baba yangu. Nakuahidi kwamba sitamkatiza Mado hata akikosea maneno. Lakini nsafu ya kwanza nitaonja mimi. Mimi ndiye mkubwa.

Binti yako,
Béatrice